Nani Alisamehewa Karantini, na Nani Aliilipia

Kuanzia tarehe 15 Februari 2021, mtu mzima aliyeingia Uingereza akitokea nchi iliyo kwenye orodha nyekundu ya korona, yaani ya nchi zilizohesabiwa kuwa na hatari kubwa, alitakiwa kulipia pauni 1,750 kabla hajapanda ndege. Kwa viwango vya fedha vya mwaka ule, hizo ni kama shilingi 260,000 za Kenya, au milioni 5 na laki 6 za Tanzania. Malipo hayo yalikuwa ya siku 10 katika hoteli iliyochaguliwa na serikali: chumba, chakula, gari la kutoka uwanja wa ndege, walinzi, na vipimo viwili, cha siku ya 2 na cha siku ya 8. Tarehe 12 Agosti bei ikapanda hadi pauni 2,285. Siku hazikuongezeka hata moja.

Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilifungiwa mlango tarehe 22 Januari. Burundi na Rwanda zikafuata wiki moja baadaye, na Kenya tarehe 9 Aprili. Uganda ilibaki nje ya orodha hadi tarehe 30 Juni. Kwa miezi kadhaa, basi, mtu yeyote kutoka kwetu mwenye makazi Leicester, Reading au London alikuwa na hesabu ya kupiga kabla ya kuja nyumbani na nyingine kabla ya kurudi. Nimeona hesabu hizo zikipigwa vibaya, na watu wenye akili zao wakipoteza akiba ya mwaka mzima. Naziandika hapa kwa kirefu kwa sababu ugonjwa mwingine wa kuvuka mipaka ukija, wizara zitafungua faili zile zile na kutoa masharti ya namna ile ile.

Kosa la kwanza lilikuwa kuanza na swali la nani anasamehewa. Watu walilichukua neno msamaha kama linavyotumika kwenye ada ya shule au kodi, kwamba ukishaupata hulipi. Msamaha wa karantini mara nyingi haukuwa hivyo. Ulikuwa wa aina tatu, na kila aina ilikuwa na gharama zake.

Aina ya kwanza ni ile ya kutofungiwa hotelini kwa sababu ya kazi yako. Wanadiplomasia walikuwamo, wahudumu wa ndege walikuwamo, na madereva wa malori ya mizigo walikuwa na masharti yao mbali. Hao kazi yao ndiyo iliyowaombea. Msafiri wa kawaida hakuwa na namna ya kuingia katika kundi hilo, na kwa waliotoka nchi za orodha nyekundu, kazi nyingi ambazo zingemsaidia mtu aliyetoka Ufaransa au Marekani hazikuhesabika kabisa.

Aina ya pili ni msamaha wa mahali. Huu ndio uliowachanganya wengi. Mgonjwa ambaye hali yake isingeweza kuhudumiwa hotelini, mtoto anayesafiri bila mtu mzima, mwanafunzi wa shule ya bweni anayekwenda peke yake: hawa waliweza kukaa karantini nyumbani, hospitalini au shuleni. Lakini karantini ilikuwa pale pale, siku 10, na vipimo vya siku ya 2 na ya 8 vilinunuliwa kwa pesa yako. Mgonjwa alitakiwa kuomba mapema, akiwa na barua ya daktari inayoeleza kwa nini hoteli haiwezi kumtosheleza. Barua inayosema tu kwamba mama ana kisukari na presha haikutosha. Ilibidi ieleze ni huduma gani anayoihitaji ambayo hoteli haitaweza kuitoa. Waliopata barua ya kwanza kutoka kwa daktari wa Mombasa au Moshi mara nyingi walirudi kwake kuomba ya pili, na kila safari ya kwa daktari ina nauli na ada yake.

Aina ya tatu ilikuwa ruhusa ya kutoka kwa muda: kwenda kumzika jamaa wa karibu, kumuona aliye katika saa zake za mwisho, kuitikia wito wa mahakama, au dharura ya ugonjwa. Unatoka, unarudi, siku zinaendelea kuhesabiwa na bili haipungui senti.

Nikae kidogo hapa kwenye msiba, maana ndiyo sababu kubwa iliyowasafirisha watu wetu mwaka ule. Ruhusa ya mazishi iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda Uingereza kuzika. Aliyetoka Uingereza kuja kuzika Kilifi au Tanga hakuwamo. Yeye alilipa bei kamili wakati wa kurudi, sawa na aliyekuja likizo. Rafiki yangu mmoja wa Leicester alifiwa na baba yake mwezi Juni 2021. Kaka yake mkubwa alimpigia simu alfajiri, na yeye akamtangulizia shikamoo kama siku zote.

"Marahaba. Baba ametutoka, mdogo wangu. Tunazika leo baada ya adhuhuri."

"Inna lillahi... Kaka, naja."

"Usije leo. Leo hutatukuta makaburini hata ukiruka. Subiri arobaini, upange mambo yako vizuri."

Yule kaka, katikati ya huzuni, alikuwa amefanya hesabu ambayo wengi hawakuifanya. Kwetu Waislamu maiti hukaa saa chache tu, kwa hiyo anayetoka ng'ambo huja kwa hitima, kwa arobaini, na kwa ajili ya kumkumbatia mama. Arobaini ina tarehe inayojulikana. Inampa mtu wiki tano za kutafuta tiketi ya bei nafuu, kuomba likizo, na kutazama orodha inavyobadilika. Kwa jamaa wa bara waliozoea maiti kukaa wiki mbili mochari wakisubiri watoto wafike, mwaka ule haukuwapa nafasi hiyo. Machi 2021 serikali ya Kenya iliagiza mazishi yafanyike ndani ya saa 72. Aliyekata tiketi ya haraka kutoka London kwa mazishi ya siku tatu alilipa nauli ya juu kabisa, kisha akalipa 1,750 ya kurudia.

Naamini mfiwa alistahili punguzo, na nasema hivyo nikijua fika kwamba virusi havimjui mfiwa. Hoja ya afya ingeruhusu kumfungia siku 10. Haikulazimu kumtoza bei ile ile ya aliyekwenda kupumzika ufukweni.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Bei iliyotangazwa kwenye vyombo vya habari ilikuwa ya mtu mmoja katika chumba kimoja, na familia ilikuwa na bei zake. Kabla ya tarehe 12 Agosti, mtu mzima wa pili katika chumba alilipiwa pauni 650, mtoto kuanzia miaka mitano 325, na mdogo zaidi ya hapo bure. Chukua baba, mama, mtoto wa miaka saba na wa miaka mitatu: 1,750 jumlisha 650 jumlisha 325, jumla pauni 2,725. Baada ya tarehe 12 Agosti mtu mzima wa pili akapanda hadi 1,430, mtoto akabaki 325. Familia hiyo hiyo sasa ni pauni 4,040. Magazeti yalisema bei imepanda kwa pauni 535, nayo ni kweli kwa msafiri mmoja. Familia ilipandishiwa pauni 1,315, karibu nusu ya bei ya awali. Aliyesoma kichwa cha habari tu alifika kwenye ukurasa wa malipo akapigwa na butwaa.

Na kulikuwa na gharama ya kukutwa na maambukizi ukiwa humo ndani. Kipimo kikionyesha una virusi, siku zinaongezwa, na bei ya awali ya kila siku ya ziada ilikuwa pauni 152 kwa mtu mzima wa kwanza. Wengi hawakuiweka kwenye bajeti. Ningemshauri mtu yeyote aweke kando angalau siku nne za namna hiyo kabla hajasema pesa zinatosha.

Adhabu nazo ni sehemu ya bei. Kufika bila kuwa umelipia hoteli kulikuwa na faini ya hadi pauni 4,000, na hoteli bado unailipa. Kutoroka karantini, hadi pauni 10,000. Kudanganya kwenye fomu kwamba hukupita nchi nyekundu kulitishiwa kifungo cha hadi miaka 10. Nayataja kwa sababu kulikuwa na watu mitaani, Nairobi na Dar es Salaam, waliowaambia wasafiri kwamba pasipoti mbili zinatosha kuficha njia uliyopita. Kwa mtu mwenye viza ya kazi, kukamatwa na uongo wa aina hiyo ni kuhatarisha viza yenyewe.

Chaguo la pili lilikuwa halali kabisa: kuzunguka. Sharti la Uingereza lilitazama siku 10 za nyuma. Ukizimaliza katika nchi isiyokuwa kwenye orodha nyekundu, hoteli haikuhusu. Kwa watu wa Kenya, tangu Aprili hadi mwishoni mwa Juni, nchi hiyo ilikuwa jirani kabisa, Uganda. Saa moja na ushee kwa ndege kutoka Nairobi, Kiswahili kinaeleweka, na nyumba za wageni za bei nafuu zimejaa Entebbe na Kampala.

Hapa nitatumia makadirio yangu. Mwenye bei zake aziweke mahali pa zangu. Mtu mmoja: malazi pauni 30 kwa usiku, siku 10, ni 300. Chakula 100. Kipimo cha kuingilia Uganda 50. Nyongeza ya nauli 150. Ukifika Uingereza unakaa karantini ya nyumbani siku 10 nyingine, na vipimo viwili vilivyouzwa kupitia huduma ya serikali vilikuwa pauni 170, bei iliyokuja kupunguzwa hadi 136 mwezi Agosti. Jumla ni 770. Kipimo cha kabla ya kupanda ndege ya Uingereza sikihesabu, maana kilihitajika kwa njia zote mbili. Ukilinganisha na 1,750, umeokoa pauni 980.

Familia ile ya watu wanne: malazi 600, chakula 300, vipimo vya kuingilia vya watu watatu 150, nyongeza ya nauli kwa wanne 600, vipimo vya Uingereza vya watu watatu 510, kwani mtoto wa chini ya miaka mitano hakupimwa. Jumla 2,160. Hotelini wangelipa 2,725. Wameokoa 565.

Ukiishia hapo, Uganda imeshinda kwa wote. Lakini siku nazo zina bei. Hoteli ilichukua siku 10. Njia ya Uganda ilichukua 20: kumi za Kampala na kumi za kufungiwa nyumbani. Siku 10 za ziada ni kama siku saba za kazi. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kuanzia Aprili 2021 kilikuwa pauni 8.91 kwa saa. Saa nane kwa siku, siku saba, ni karibu pauni 499 kabla ya kodi. Mtu mmoja anayelipwa kima hicho bado amebaki na faida ya pauni 480 hivi. Familia yenye mzazi mmoja anayefanya kazi imebakiwa na pauni 66, nazo zinaishia kwenye teksi. Wazazi wakiwa wote wawili wanafanya kazi, wamepata hasara ya zaidi ya pauni 400, achilia mbali mtoto wa miaka saba aliyekosa shule.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema mtu peke yake, hasa anayeweza kufanya kazi kwa kompyuta popote alipo, ilikuwa heri azunguke. Familia ya wafanyakazi wa zamu, yaani watunzaji wazee, wauguzi, madereva wa mabasi, ilikuwa heri iingie hotelini, maadamu ni kabla ya Agosti. Baada ya bei kufika 4,040 hesabu inageuka tena, na tofauti inakuwa kubwa kiasi cha kubeba hata mshahara uliopotea. Ila kufikia wakati huo Uganda ilikuwa imefungwa.

Namna ilivyofungwa ni funzo kwa yeyote anayenunua njia ya mzunguko. Juni ile Uganda iliingia kwenye wimbi la pili, na tarehe 18 Rais Museveni akatangaza siku 42 za vizuizi vikali. Tarehe 24 Uingereza ikatangaza kwamba Uganda itaingia kwenye orodha nyekundu saa 10 alfajiri ya tarehe 30. Aliyetua Entebbe tarehe 22 Juni alikuwa na siku 10 zinazoishia Julai. Zikakatika katikati. Huyo alilipia malazi ya Uganda, kisha akalipia na hoteli ya Uingereza, maana hata angewahi kuondoka kabla ya tarehe 30, siku 10 tangu atoke Kenya zisingekuwa zimetimia. Njia ya mzunguko inategemea serikali mbili zisibadili mawazo kwa wiki mbili. Bei ya hatari hiyo haionekani kwenye tiketi.

Kuna kundi ambalo hata hesabu hizi hawakuwa na nafasi ya kuzipiga. Hoteli ya karantini iliuzwa tu kwa raia wa Uingereza na Ireland na kwa wenye haki ya makazi. Mama wa Tanga aliyealikwa na binti yake kuja kumsaidia baada ya kujifungua, mwenye viza ya matembezi mkononi, hakuruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka nchi nyekundu hata angekuwa na pauni 10,000 taslimu. Yeye alikuwa na kuzunguka au kusubiri.

Nani basi aliyepata msamaha mnono? Mwishoni mwa Juni 2021 serikali ya Uingereza iliwaruhusu wakuu wa kampuni kubwa watoke karantini kwa shughuli zao, ikiwa zingeokoa au kuzalisha ajira zisizopungua 500 nchini humo. Mwezi Julai, kwa ajili ya nusu fainali na fainali ya Euro kule Wembley, maofisa na wageni waalikwa wa UEFA nao wakalegezewa masharti. Sisemi hayo yalifanywa gizani, yalitangazwa wazi. Ila tazama kipimo kilichotumika. Virusi vya meneja na vya muuguzi ni vile vile. Kilichopimwa ni faida atakayoileta mtu. Muuguzi anayerudi wodini hakuhesabiwa kuwa na faida ya kutosha.

Chanjo nayo iliendeshwa kwa mtindo huo. Kuanzia tarehe 19 Julai, aliyechanjwa Uingereza alisamehewa karantini ya nyumbani akitoka nchi za orodha ya njano, zile za hatari ya kati. Kenya wakati huo ilikuwa inachanja kwa AstraZeneca, nyingine zikiwa ni msaada wa Uingereza yenyewe, na aliyechanjwa sindano hiyo Nairobi bado alihesabiwa kama hajachanjwa. Kwa msafiri hili lilikuwa na maana ya pesa moja kwa moja: aliyekuwa na makazi Uingereza na nafasi ya kuchanjwa huko, ilimfaa achanjwe huko kabla hajasafiri.

Wasomaji wa Zanzibar na Muscat watakuwa wanakumbuka hadithi yao. Tarehe 25 Februari 2021 Oman ilizuia wasafiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo. Raia wa Oman walisamehewa, na wanadiplomasia, na watumishi wa afya pamoja na familia zao. Kwa familia za huku na huko, zilizochanganya damu tangu enzi, pasipoti ikawagawa watu wa tumbo moja. Mwenye pasipoti ya Oman alipita, akakaa hotelini siku saba kwa gharama zake. Dada yake mwenye pasipoti ya Tanzania akabaki Malindi ya Unguja, na kazi yake kule Muscat ikimsubiri au isimsubiri. Angalau Oman iliwaweka watumishi wa afya kwenye orodha ya waliosamehewa, jambo ambalo Uingereza haikuwafanyia wauguzi waliotoka nchi nyekundu.

Nasi huku hatukuwa wapole zaidi. Machi 2020, Kenya ilipoanza karantini ya lazima kwa waliowasili, mtu alichagua kati ya hoteli zilizoteuliwa na vituo vya umma, mabweni ya vyuo na shule. Vituo vya umma vilitoza shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni 28,000, na aliyeona hoteli ni ghali alikimbilia huko. Wengi walijuta. Mabweni yalikuwa na vyoo na mabafu ya pamoja, na mmoja akikutwa na virusi, waliokuwa naye waliongezewa siku 14 nyingine. Waliochagua rahisi wakaishia na bili maradufu, na wengine wakazuiwa kutoka kwa sababu hawana cha kulipa, ingawa wameshapimwa na hawana ugonjwa. Mwezi Mei serikali ikatangaza kwamba itabeba gharama za vituo vya umma. Mwenye kulinganisha angejifunza hapa jambo ambalo bei ya siku haimwambii: chumba cha peke yako na choo chako kinapunguza uwezekano wa kuongezewa siku.

Agosti 2020, ndege za kimataifa ziliporudi, Kenya ikatoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatakaa karantini ya siku 14. Tanzania haikuwemo. Siku ya kuamkia kufunguliwa kwa anga, Tanzania ikaifutia Kenya Airways kibali cha kutua, na baadaye kampuni nyingine tatu za Kenya zikafuata. Ilichukua hadi katikati ya Septemba kwa Tanzania kuingizwa kwenye orodha na marufuku kuondolewa. Kwa mwezi na nusu, abiria wa Kenya Airways walikosa safari ile ya saa moja kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Na Aprili 2021 Kenya ilijibu orodha nyekundu ya Uingereza kwa kusimamisha ndege za abiria kati ya nchi hizo mbili, na kuwawekea waliotoka huko karantini ya siku 14 kwa gharama zao. Anayelipa ugomvi wa mawaziri ni abiria.

Madereva wa malori ndio waliosamehewa karantini tangu mwanzo, kwa sababu bila wao Kampala na Kigali zisingepata mafuta wala unga. Msamaha wao ulikuwa cheti cha kipimo. Waliungoja Malaba, Busia na Namanga, siku kadhaa kwenye foleni isiyoonekana mwisho, wakilala ndani ya kabini na kupika chini ya trela. Mei 2020 Rwanda ilitaka malori yabadilishwe madereva mpakani Rusumo, na madereva wa Tanzania wakagoma. Kila siku ya foleni ni posho ya njiani iliyoliwa, na hakuna aliyewarudishia.

Linabaki chaguo ambalo halitajwi kwenye fomu yoyote, nalo ni kungoja. Tarehe 17 Septemba 2021 Uingereza ilitangaza kwamba Kenya na nchi nyingine saba zitatoka kwenye orodha nyekundu saa 10 alfajiri ya tarehe 22. Aliyetua Heathrow usiku wa tarehe 21 alikwenda hotelini kwa pauni 2,285. Aliyetua tarehe 22 asubuhi alikwenda nyumbani kwake. Tanzania ikasubiri tangazo la tarehe 7 Oktoba, likaanza kazi tarehe 11. Orodha zilipitiwa kila baada ya wiki tatu hivi, kwa hiyo mtu aliweza kujua tangazo lijalo litatoka lini, hata kama hakujua litasema nini. Tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata ikizidi nyingine kwa pauni 80 au 100, ilikuwa ununuzi bora kuliko yote niliyoyataja.

Asiyeweza kungoja na asiyekuwa na pesa aliambiwa kuna mpango wa kulipa hoteli kidogo kidogo, kwa awamu 12 za kila mwezi. Mpango huo uliwalenga wanaopokea posho za serikali kwa sababu ya kipato kidogo. Viza nyingi za kazi na za familia, zile wanazotumia watu wetu, zilikuwa na sharti kwamba mwenye nayo haruhusiwi kuomba posho hizo. Kabla ya kutegemea nafuu ya aina hiyo, soma kwanza masharti ya viza yako.